Waridi Mvivu na Fahali wa Mjomba

"Busia huota muhogo, mtama na magendo," mjomba wangu aliniambia wiki ile niliyorudi kutoka Uholanzi. "Waridi sijalisikia."

Yeye alikuwa na adabu. Wengine hawakuwa nayo. Bwana shamba wetu alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema huku ni chini mno na jua ni kali mno, waridi linataka baridi ya milimani, na mimi nitavuna miiba. Fundi wa baiskeli alisema kwamba kijana mzima amekwenda ng'ambo miaka minne kusomea maua, na angalau angesomea jeneza, maana jeneza lina wateja. Nje ya kanisa mama mmoja aliniuliza ni mwanamke gani wa Busia atakayeacha kununua sukari anunue ua. Nawakumbuka wote. Hata leo naweza kukuonyesha kila mmoja alikuwa amesimama wapi.

Hakuna aliyeelewa nilichokuwa nasema. Sikutaka kuuza maua Busia. Nilitaka kutengeneza ua. Waridi jipya, ambalo halijawahi kuwepo duniani, ili mashamba makubwa ya Bonde la Ufa yanilipe kwa haki ya kulipanda na kulisafirisha Ulaya. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwa macho yangu. Hakuna ndugu aliyenilipia karo. Nilifagia majani na kuosha vioo katika nyumba ya vioo ya mtu aliyezalisha mawaridi mapya, jioni nikaenda darasani, na nikarudi na diploma ya kilimo cha bustani yenye muhuri mwekundu. Niliitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni kwa mama yangu, juu ya kalenda, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona.

Mama alikuwa mjane, nami ndiye mwanawe pekee. Boma letu lilikuwa kando ya barabara ya kwenda Malaba. Nilijenga kitalu nyuma ya jiko. Upande mmoja nilikuwa na miche sita ya waridi jekundu la biashara niliyoinunua milimani, la shina refu na kichwa kikubwa, lililoteseka kwa joto letu kama mgeni aliyevaa koti. Upande wa pili nilikuwa na waridi la kanisani. Hilo lilikuwa kichaka kizee chenye vijiua vya rangi ya waridi, kilichoota ukutani mwa kanisa letu tangu kabla sijazaliwa. Hakuna aliyekimwagilia, mbuzi walikila, na bado kilichanua. Niliona ndoa hapo. Urefu kutoka kwa mmoja, ugumu kutoka kwa mwingine.

Kazi yenyewe hufanywa asubuhi kabla nyuki hawajaamka vizuri. Unalichukua tumba ambalo halijafunguka, unalivua petali, unaondoa kwa kikoleo kila kijiti chenye chavua, kisha unalipaka kwa brashi chavua ya baba uliyemchagua wewe. Mama alikuja na kikombe cha chai akasimama akanitazama.

"Mwanangu, umesafiri kote huko ili uje kuhasi maua?"

"Nayaozesha, mama."

"Haya. Na mahari analipa nani?"

Alitania tu. Hakujua kwamba mahari ndiyo ingetunyima usingizi sote miaka iliyofuata.

Baada ya miezi minne matunda ya waridi yaliiva, mekundu kama pilipili ndogo. Mbegu zake haziamki mpaka zionje baridi, na baridi Busia ilikuwa sehemu moja tu niliyoijua: friji ya mama mmoja wa Sio Port aliyekuwa na banda la samaki mjini. Nilimwendea na kopo la kakao lenye mchanga mbichi na mbegu zangu ndani.

"Kijana, hii friji si hospitali," alisema. "Hapo kopo yako inakaa, ngege wanne wangelala."

"Wiki sita tu, mama."

"Na mbegu zikinuka samaki?"

"Waridi litakuwa na harufu mpya."

Alicheka, akanipa rafu ya chini. Alinipa tena msimu uliofuata, na hakunidai shilingi. Alisema nitamkumbuka siku nikipanda ndege.

Miche mia moja na kumi na minane iliota. Kila mmoja ulikuwa waridi ambalo Mungu na mimi tu tulijua limetoka wapi, na mimi nililijua zaidi kwa sababu nililiandika daftarini. Yalipochanua mara ya kwanza sikuweza kukaa kitako. Nilikuwa nikila nimesimama. Nilitembea kutoka mche hadi mche na rula mkononi, nikapima, nikarudi kupima nilichopima asubuhi. Mama alisema natembea kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Kisha ukaja wakati wa kuchagua, na kuchagua maana yake ni kung'oa. Kanuni nilikuwa nayo kichwani kutoka darasani: tumba lisilofunguka vizuri kufikia siku ya nne ni kasoro, ling'olewe. Namba arobaini na saba lilikuwa jekundu lililokolea kama ini, na mwiba wake ulipinda kama kucha ya kuku. Siku ya nne tumba lake lilikuwa bado limefumba. Siku ya sita, bado. Niling'oa mche nikautupa nje ya ua pamoja na ile mingine.

"Hilo limekukosea nini?" mama aliuliza.

"Ni vivu. Halifunguki."

"Kwa jua hili? Hata mimi ningekuwa waridi nisingekuwa na haraka."

Nilimweleza mama yangu kwa upole kwamba mambo haya yana elimu yake. Akaenda zake.

Niliyempenda alikuwa namba kumi na mbili. Kichwa kikubwa, shina refu kupita mkono wangu, na alifunguka siku ya pili kama mlango wa mtu mkarimu. Nilikata mashada nikayaweka kwenye ndoo katika kibanda cha mama, na yakadumu siku nane. Niliona nimeshinda. Kilichobaki ni kuongeza miche mpaka iwe mamia chini ya paa la nailoni, ili niwe na maua ya kutosha kumwonyesha mnunuzi. Nailoni hiyo sikuwa na uwezo wa kuinunua, wala pampu ya kuvuta maji kisimani.

Nilimwendea mjomba, kakaye mama, aliyekaa karibu na Malaba. Alikuwa na fahali mmoja mweusi mwenye nundu, na kila mtu alijua kazi ya fahali yule. Binamu yangu, mwana wa kwanza wa mjomba, alikuwa amepata mchumba kutoka Budalang'i. Ng'ombe wengine wa mahari walikuwa wamekwenda. Alikuwa amebaki fahali tu.

"Unataka nimuuze fahali ya mtoto wangu, ununue karatasi ya kufunika maua," mjomba alisema polepole, kama mtu anayesoma hati asije akakosea.

"Nakopa, mjomba. Nitarudisha fahali, si pesa."

"Lini?"

"Mavuno mawili."

Alitazama nje, alikofungwa fahali. Mtoto wa dada haondoki kwa mjomba wake mikono mitupu, hilo nililijua na ndiyo maana nilikwenda kwake. "Mavuno mawili," alisema. "Wale watu wa Budalang'i wamezoea mafuriko, wanajua kungoja. Lakini usiwafanye wangoje hadi maji yafike mlangoni."

Kwa hiyo nikajenga. Nyumba ya nailoni ya kwanza kati ya Busia na Malaba ilikuwa yangu, na watu walisimamisha baiskeli kuitazama. Yalipotimia mavuno mawili, namba kumi na mbili ilijaa humo ndani, maua mekundu matupu. Nilifunga mashada ishirini kwenye masanduku, nikayapandisha basi la Nairobi, yakapokelewa huko yakapelekwa kwenye shamba moja la Bonde la Ufa ambalo msimamizi wake alikuwa amekubali kuyaangalia. Jibu lake lilikuja kwa barua fupi. Alisema amepokea petali ndani ya sanduku, na mashina kando.

Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama posta, nikaisoma tena nikitembea. Nilijua kosa mara moja, na nilijua ni langu. Nilikuwa nimeyapima maua kwenye kibanda ambamo mama huweka mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote katika boma letu. Nilipima waridi kivulini, kisha nikalituma juani.

Niliangalia mawaridi mengine niliyoyabakiza. Yote yalikuwa mepesi kufunguka, maana ndivyo nilivyoyachagua. Joto liliyafungua asubuhi likayamwaga jioni.

Mwaka ule nilikonda. Binamu yangu alikuwa amemchukua mkewe bila kumaliza mahari, kama vijana wengi, na mtoto akazaliwa. Wazee wa Budalang'i wakatuma mtu: mtoto huyu ataitwa wa nani? Baadaye wakatuma tena: mvua zikiisha, binti yetu atarudi nyumbani na mtoto wake, mpaka fahali atakapopatikana. Binamu hakuniambia neno la lawama. Tulikutana njiani akanisalimu vizuri, akanisaidia hata kufunga mzigo kwenye baiskeli, na kunyamaza kwake kulinifukuza kuliko matusi. Sikuweza kukaa nyumbani. Nilitembea Busia, nikarudi, nikatembea Malaba. Nikifika mahali najikuta nimeshataka kuondoka.

Siku moja ya Ijumaa nilivaa shati jeupe, nikachukua nakala ya diploma, nikaenda Malaba kuomba kazi ya ukarani kwa mawakala wa forodha. Mtu wa diploma ya maua, akaombe kujaza fomu za mafuta na saruji. Foleni ya malori siku ile ilifika mbali sana. Nilipita kando yake nikihesabu magurudumu ili nisifikirie. Hapo nikaona, juu ya dashibodi ya lori moja, chupa ya soda yenye maji na waridi moja ndani.

Lilikuwa jekundu lililokolea kama ini. Lilikuwa limefunguka nusu.

"Boss," nilimwita dereva, "hiyo ua umetoa wapi?"

"Kwani ni yako?"

"Nauliza tu."

"Nilipewa Amukura. Nilinunua viazi kwa mama mmoja sokoni, akaniwekea juu, eti mpelekee bibi yako Kampala." Akacheka. "Bibi atapata mti tu. Hapa niko tangu Jumapili, makaratasi haijatoka."

"Tangu Jumapili? Na ua pia?"

"Na ua pia. Mimi ndio nimezeeka, hii bado msichana."

Niliomba kupanda. Ndani ya kabini ile usukani ulikuwa wa moto, huwezi kuushika vizuri. Niliinua chupa nikatazama shina. Mwiba ulipinda kama kucha ya kuku.

Sikwenda kwa mawakala. Nilimtafuta bodaboda wa baiskeli, nikakaa nyuma na shati langu jeupe, na njia nzima hadi Amukura nilimhimiza mpaka akauliza kama nimeua mtu. Yule mama wa viazi nilionyeshwa na watu wa soko. Alikuwa amerudi nyumbani, na nyumba yenyewe sikuhitaji kuulizia. Ua wote wa mbele, kutoka mlango wa boma hadi zizini, ulikuwa namba arobaini na saba. Mashina marefu hadi kifuani. Mche ule nilikuwa nimeuhukumu ukiwa mtoto, kabla haujaonyesha urefu wake.

"Mama," nilisema bila hata kusalimu, "hii waridi ni yangu."

Alikuwa akimenya muhogo. Alinitazama viatu, akanitazama uso. "Wewe ni mtoto wa yule mama wa kule barabarani. Hujambo."

"Sijambo, mama. Shikamoo. Hii waridi nimeitengeneza mimi, kwa mkono."

"Nilikwenda kwa mama yako kuomba marando ya viazi vitamu. Akanipa marando, akanipa na hii. Alikuwa ameichomeka kando ya shimo la takataka."

"Ni mimi niliyeitupa!"

"Basi ni yako ile uliyotupa," alisema. "Hii nimepanda mimi."

Nilitoa pesa niliyokuwa nayo mfukoni, nauli na chakula cha siku tatu. Nikataka kununua vipandikizi. Hapo ndipo aliweka kisu chini. Kwetu marando hayauzwi. Mtu akikosa cha kupanda huenda kwa jirani asubuhi, huomba, hukatiwa, na siku akivuna naye hukumbuka. Hakuna anayeyanyima na hakuna anayeyalipia, maana aliyenyima leo mvua ikimkosa kesho ataomba kwa nani? Nilijua haya tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nimeyasahau kwa sababu nilikosomea mimi kila kijiti kina mwenyewe na bei.

"Rudi kesho asubuhi," alisema. "Uje kama mtu anaomba."

Nilikwenda. Nilitoka kwetu kabla jua halijachomoza, nikasimama mlangoni pa boma lake, nikabisha, nikasalimu, nikaulizwa habari za nyumbani, nikajibu, nikaomba. Alinikatia vipandikizi arobaini na akavifunga kwa ukanda wa mgomba. Ulikuwa mtihani mgumu kuliko wowote niliofanya Uholanzi, na nilipita.

Nilipofika nyumbani mama aliona mzigo akaendelea kuchambua mboga. "Mvivu amerudi," alisema tu.

Namba kumi na mbili niliing'oa yote. Wakati huu sikupima kwenye kibanda chenye mtungi. Nilipima Malaba. Kila vipandikizi vilipotoa maua, nilikata matumba, nikayafunga kitambaa chenye namba, nikawapa madereva kwenye foleni. Niliwaambia: weka mahali pa moto kuliko pote, usibadilishe maji, ukirudi niambie siku ngapi. Walinicheka, wakaniita daktari wa maua, na mmoja aliuliza kama natafuta mke kwa njia ndefu. Lakini walirudi na habari. Siku tisa hadi Kampala na kurudi. Siku kumi na moja, mchanga wote wa barabara juu yake. Mmoja alilala na ua lake siku kumi na tatu mpakani na akakataa kunirudishia. Nionyeshe profesa aliyewahi kuwa na maabara kama ile, yenye magurudumu na joto la bure, na wapimaji wasio na kitu kingine cha kufanya.

Nilimwandikia tena yule msimamizi. Safari hii sikumtumia sanduku. Nilimwita, na akaja, na mtu wa pili mwenye kalamu nyingi mfukoni. Nilimpandisha kwenye kabini ya lori, nikamwonyesha ua la siku ya kumi. Alilishika, akalizungusha, akaomba maji ya kunywa, akalitazama tena. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa: mmea huu uko mahali pengine popote?

Ningeweza kusema hapana. Wazee wa Budalang'i walikuwa wamesema mvua zikiisha, na mvua zilikuwa zinaisha. Lakini mtu anayepita Amukura ana macho. Nilimpeleka. Tulikuta si ua mmoja tena. Majirani walikuwa wameomba, na kila boma la tatu lilikuwa na uzio mwekundu. Yule mama wa viazi alimkatia msimamizi kitawi bila kuombwa. Yule wa kalamu akaandika, wakazungumza wawili pembeni, nami nikazunguka kisima chake mara nyingi nisizozijua. Waliporudi walisema uzio wa nyumbani hauwasumbui, wao wanataka haki ya kulima na kuuza nje, na jina la mzalishaji litakuwa langu. Nikatia sahihi juu ya goti langu.

Siku malipo yalipofika sikuyalaza. Nilikwenda kwanza mjini kwa mama wa samaki, na nyuma yangu mkokoteni umebeba friji iliyotumika lakini nzima.

"Ya nini?" aliuliza. "Sina nafasi."

"Ile rafu ya chini, mama. Nimerudisha na zingine zake."

Akaifungua, akaingiza kichwa, akanusa. "Basi ile ya zamani ni ya mbegu zako. Huku usilete tena kopo." Alikuwa ameshaanza kuwahamisha ngege.

Kwa yule mama wa Amukura nilipeleka marando, mafungu mawili yaliyojaa kwenye baiskeli, nimeyakata mwenyewe shambani kwa mama. Alihesabu vifundo kwenye shina moja, akaridhika, akaniuliza, "Na wiki hii umetupa nini?"

Sokoni palepale Amukura nilimnunua fahali. Nilimtaka mweusi, nikampata, mwenye nundu. Ningeweza kumpakia kwenye gari, nilikuwa na uwezo, lakini nilimswaga kwa miguu hadi kwa mjomba mchana kweupe, kupitia barabara kubwa, mbele ya fundi wa baiskeli na bwana shamba na kila aliyekuwa na mdomo. Yule fundi alisimama na spana mkononi. Nilitembea polepole tu, kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi.

Mjomba alimzunguka fahali mara mbili, akamfungua mdomo, akatazama meno.

"Wangu alikuwa na nundu kubwa zaidi," alisema.

"Wako ulikuwa unamwona kila siku, mjomba."

"Mavuno mawili yamekuwa manne."

"Ni kweli, mjomba."

Akamwita mwanawe. Binamu yangu alitoka ndani amembeba mtoto wake begani, na mkewe nyuma yake amesimama mlangoni na vitu vyao vimefungwa kwenye leso, maana mvua zilikuwa zimeisha na alikuwa akiondoka wiki ile. Yule mke alimwona fahali. Akakaa chini pale kizingitini, akaanza kulifungua fundo la leso.

Mjomba alivua kamba yangu shingoni mwa fahali, akamtia ya kwake, akanirudishia yangu mkononi. "Kesho asubuhi Budalang'i," alimwambia mwanawe. Kisha akanitazama mimi niliyekuwa bado nimesimama katikati ya uwanja. "Na wewe mtu wa maua, si ukae?"

Nilikaa.